Mbinu ya Montessori: Namna mtoto mdogo anavyozoeshwa kujimudu

WAZAZI wanaowatafutia watoto wao shule za chekechea katika miji ya humu nchini hawakosi kukutana na jina Montessori. Limeandikwa kwa rangi za kuvutia kwenye malango ya nasari za Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret, na aghalabu shule yenye jina hilo hutoza karo ya juu kuliko jirani yake isiyokuwa nalo.

Hata hivyo, ni wazazi wachache wanaoweza kueleza jina hilo lina maana gani. Wapo wanaodhani kuwa ni kampuni ya Ulaya inayomiliki shule kote ulimwenguni. Wengine huridhika kwamba ni dalili ya Kiingereza fasaha, sare za kupendeza na basi la shule.

Montessori ni jina la mtu: Daktari Maria Montessori wa Italia. Mbinu ya malezi na elimu aliyoianzisha zaidi ya karne moja iliyopita haikuanzia kwa watoto wa matajiri. Ilianzia kwa watoto wa vibarua katika mtaa wa wachochole, na kiini chake ni jambo ambalo mzazi wa Kayole au Kisauni anaweza kulitekeleza bila kulipa karo yoyote: kumwachia mtoto mdogo atende mwenyewe yale anayoyaweza, baada ya kumwekea mazingira yatakayomwezesha.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu lugha. Wengi hutafsiri lengo la mbinu hii kuwa 'kujitegemea'. Neno hilo limebeba mzigo mzito wa siasa na uchumi katika Afrika Mashariki tangu Mwalimu Julius Nyerere alipochapisha waraka wake kuhusu elimu ya kujitegemea mwaka 1967. Mtoto wa miaka miwili hajitegemei, wala hatarajiwi kujitegemea. Anachojifunza ni kujimudu: kuumudu mwili wake, kijiko chake, viatu vyake na hasira zake. Ndilo neno litakalotumika katika makala haya.

DAKTARI ALIYEGEUKIA WATOTO

Maria Montessori alizaliwa Agosti 31, 1870, katika mji wa Chiaravalle karibu na Ancona. Mwaka 1896 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma, wakati ambapo wanawake wa Italia waliosomea taaluma hiyo walihesabika kwa vidole. Kazi yake ya awali ilimkutanisha na watoto wenye ulemavu wa akili, ambao siku hizo walifungiwa pamoja na watu wazima wenye maradhi ya akili, bila chochote cha kushika wala cha kufanya.

Alisoma maandishi ya madaktari wawili wa Ufaransa waliomtangulia, Jean Itard na Édouard Séguin, kisha akaanza kuwafunza watoto hao kwa vifaa vya kushikwa kwa mikono. Walipoonyesha maendeleo ambayo hakuna aliyeyatarajia, alijiuliza swali lililobadilisha maisha yake: ikiwa hawa wanaweza kufika hapa, watoto wasio na ulemavu wanazuiwa na nini katika shule za kawaida?

Jibu alilipata San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi maskini jijini Roma. Kampuni ya nyumba ilikuwa imekarabati majengo ya mtaa huo na kuyapangisha. Wazazi walipoondoka asubuhi kwenda vibaruani, watoto ambao hawajafikia umri wa kwenda shule walibaki wakirandaranda kwenye ngazi na kuzichafua kuta. Kampuni ilipiga hesabu ikaona ni nafuu kuwakusanya katika chumba kimoja kuliko kupaka kuta rangi kila mara. Daktari Montessori aliombwa asimamie chumba hicho, nacho kikafunguliwa Januari 6, 1907, kwa jina Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto.

Mwenye kuijua mitaa ya Mukuru au Mathare hatahitaji kuelezwa zaidi. Mama anaamka alfajiri kwenda kufua nguo mtaani au kuuza mboga sokoni, na mtoto wa miaka miwili anabaki kwa jirani, katika chumba kimoja pamoja na watoto wenzake chungu nzima. Mbinu ambayo leo inauzwa kama bidhaa ya anasa ilizaliwa katika hali inayofanana na hiyo.

Aliyewekwa kuwatazama watoto hao kila siku hakuwa mwalimu wa kusomea. Daktari Montessori mwenyewe alifika, akaketi na kutazama, na aliyoyaona ndiyo yaliyokuwa msingi wa mafunzo yake yote ya baadaye.

Aliona, kwa mfano, msichana wa miaka mitatu hivi akichomeka vizibo vya mbao katika matundu ya ukubwa tofauti, akivitoa na kuvirudisha. Aliamuru watoto wengine waimbe na kuzunguka chumbani. Msichana hakuinua macho. Alikiinua kiti pamoja na mtoto akakiweka juu ya meza. Msichana alikumbatia vizibo vyake akaendelea. Alirudia kazi hiyo zaidi ya mara 40, kisha akaacha kwa hiari yake, akionekana mwenye furaha kama aliyeamka kutoka usingizi mzuri. Hakuna aliyekuwa amemtuma wala kumwahidi peremende.

Siku nyingine Daktari huyo aliwafunza watoto namna ya kupenga kamasi, akiwaonyesha jinsi ya kukunja kitambaa na kufanya hivyo bila kelele. Alitarajia wacheke. Badala yake walimpigia makofi. Alitambua kwamba watoto hao walikuwa wakikaripiwa kila siku kwa sababu ya pua zao, lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kuketi nao na kuwaonyesha, kwa utulivu na heshima, jinsi ya kujisafisha.

Kisa cha tatu kinamhusu mtoto wa umri tunaouzungumzia hapa, nacho kimo katika kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1909. Watoto walikuwa wamelizunguka beseni la maji lenye vitu vya kuchezea vinavyoelea. Mvulana wa miaka miwili na nusu aliachwa nyuma, asione kitu. Alijaribu kupenya akashindwa. Alisimama akafikiri, akaona kigoda, uso ukamng'aa, akaanza kukiendea ili akiweke nyuma ya wenzake apande juu yake. Mara mwalimu akamnyanyua juu kwa huruma ili naye aone.

Aliona vile vitu, lakini furaha iliyokuwa usoni pake ilitoweka. Montessori aliandika kuwa mwalimu yule alimnyang'anya mtoto ushindi aliokuwa karibu kuupata kwa akili na nguvu zake mwenyewe. Mzazi akikielewa kisa hiki kimoja tu, ameielewa mbinu yote. Mengineyo ni vifaa.

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1912 na sifa zake zikaenea haraka. Shirika la kimataifa la Montessori, linalojulikana kwa kifupi kama AMI, liliundwa mwaka 1929, na sasa makao yake yako Amsterdam, Uholanzi. Mwanzilishi wake alikosana na utawala wa Benito Mussolini, akaihama Italia mwaka 1934. Mwaka 1939 alikwenda India kutoa mafunzo kwa walimu, na kwa sababu ya vita akakaa huko hadi 1946. Alifariki Mei 6, 1952, mjini Noordwijk, Uholanzi.

Malezi ya watoto wa chini ya miaka mitatu yalipewa chuo chake mjini Roma mwaka 1947, chini ya Adele Costa Gnocchi, mwanafunzi wa Montessori. Ndipo ilipokita mizizi fikra kwamba mtoto huanza kujifunza kujimudu tangu kuzaliwa, wala si siku anaponunuliwa sare.

KWA NINI UMRI WA MWAKA MMOJA HADI MITATU

Montessori alisema akili ya mtoto wa umri huu hufyonza yaliyo karibu nayo jinsi sifongo inavyofyonza maji, bila juhudi na bila kuchagua. Ndiyo maana mtoto wa Lamu huongea Kiamu na wa Kakamega huongea Kiluhya, ilhali hakuna aliyeketishwa chini akafunzwa ngeli.

Alieleza pia kwamba kuna vipindi ambapo mtoto huwa mwepesi mno wa kujifunza jambo fulani: kutembea, kusema, kushika vitu vidogo, kupanga vitu. Kipindi cha kupenda utaratibu huwatatiza sana wazazi. Mtoto wa miaka miwili hulia kwa sababu uji umetiwa katika kikombe kisichokuwa chake, au kwa sababu baba ameketi mahali pa mama. Wengi huita tabia hiyo ukaidi. Kwa maoni ya Montessori, mtoto huyo ameanza kuujua ulimwengu kwa kukariri mahali pa kila kitu, na anapoona kitu kimehamishwa huhisi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umebadilishwa upande.

Erik Erikson, mwanasaikolojia mashuhuri aliyekuwa na cheti cha ualimu wa Montessori kutoka Vienna, aliandika mwaka 1950 kwamba katika umri huu mtoto husimama kwenye njia panda. Akiruhusiwa kujaribu, hujenga imani kwamba anaweza. Akizuiwa au kuchekwa kila mara, hujenga aibu na shaka juu yake mwenyewe. 'Mimi mwenyewe!' tunayoisikia kila asubuhi tunapomvisha viatu ndiyo sauti ya mtoto aliyefika hapo.

NYUMBANI KWANZA

Darasa la Montessori la watoto wadogo hutambulikana upesi. Meza na viti ni vya kimo chao, na ni vyepesi vya kutosha mtoto kuvibeba. Rafu ni za chini na hazijazi vitu. Kila kazi imewekwa kwenye sinia au kikapu chake, na kuna kimoja tu cha kila aina ili mtoto ajifunze kungoja zamu. Ufagio ni mdogo lakini ni ufagio kweli, unaofagia. Jagi ni dogo lakini linamimina maji.

Hakuna kati ya hayo kisichoweza kupatikana nyumbani. Kigoda na meza ya chini fundi wa mtaani ataviunda kwa mabaki ya mbao. Misumari miwili iliyopigiliwa ukutani kwa kimo cha mtoto inatosha kuwa mahali pake pa kutundika sweta na mfuko. Kreti ya soda iliyopinduliwa humfikisha kwenye karai la kunawia mikono. Godoro likiwekwa chini mkekani, mtoto huamka na kulala bila kungoja kunyanyuliwa.

Kazi ya kumimina ndiyo ya kuanza nayo. Mpe mtoto wa mwaka mmoja na nusu vikombe viwili vidogo, kimoja chenye mbaazi kavu, aimimine katika cha pili na kuirudisha, ukiwa karibu asije akaitia puani au mdomoni. Akizoea, badala ya mbaazi tia maji kidogo. Onyesha mwenyewe kwanza, taratibu kuliko unavyodhani inahitajika, na usiseme sana. Mtoto hawezi kutazama mikono yako na kusikiliza hotuba yako kwa wakati mmoja. Atamwaga. Weka kitambaa karibu, mwonyeshe namna ya kupangusa, kisha umwachie. Mara nyingi kupangusa humfurahisha kuliko kumimina.

Wazazi huuliza iwapo ni busara kumpa bilauri ya kioo. Wafuasi wa Montessori hupenda vitu vinavyovunjika, kwa hoja kwamba kikombe cha plastiki hakimfunzi mtoto uangalifu. Kikianguka hakuna kinachotokea. Mwandishi huyu anaona kikombe cha bati chatosha kwa nyumba yenye sakafu ya saruji na mtoto asiye na viatu. Kikianguka kitapiga kelele, na kelele hiyo ni funzo la kutosha.

Kuhusu mavazi, shida mara nyingi ni nguo zenyewe. Suruali ya jinzi yenye vifungo na zipu haimfai mtoto wa miaka miwili. Kaptura ya mpira kiunoni aivue na kuivaa peke yake. Kwa sweta ya kufungua mbele au koti kuna ujanja ambao watoto huufurahia mno. Koti hutandikwa sakafuni likiwa wazi, upande wa ndani ukitazama juu na ukosi ukielekea miguu ya mtoto. Mtoto huinama, hutia mikono yote miwili katika mikono ya koti, kisha hulirusha juu ya kichwa chake. Likishuka, limekwisha kuvaliwa.

Kula nako kuna uchafu wake. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kushika vipande vya ndizi au viazi vilivyochemshwa, na kufikia miaka miwili kijiko kitakuwa kimemtii. Uji utamwagika na ugali utakanyagwa. Familia zinazolisha mtoto kwa kijiko hadi miaka minne kwa kuhofia uchafu, au kwa kutaka amalize sahani haraka, humnyima mazoezi ya mkono ambayo baadaye yatahitajika katika kushika penseli.

Matumizi ya choo hayana haraka wala adhabu. Kuanzia miezi 18 hivi wengi huanza kutambua haja zao. Poti huwekwa mahali pamoja kila siku, mtoto huketishwa baada ya kulala na baada ya kula, na akijiloweshea hubadilishwa bila kelele, naye akisaidia kuipeleka nguo chafu kwenye ndoo. Kumwaibisha mbele ya wageni ni kosa linaloweza kuirudisha nyuma kazi ya miezi.

Jambo ambalo wazazi husahau ni yaya. Katika nyumba nyingi za mjini, yeye ndiye aliye na mtoto kutwa nzima, naye hupimwa kwa usafi wa nyumba na wa mtoto. Yaya atakayeulizwa kwa nini sakafu imelowa hatamruhusu mtoto kumimina maji tena. Atamketisha mbele ya runinga, na hapana budi kumwelewa. Mzazi anayetaka mtoto ajimudu hana budi kuketi na yaya, kumweleza sababu, na kumhakikishia kwamba maji yaliyomwagika hayatahesabiwa kuwa uzembe.

UHURU WENYE MIPAKA

Wakosoaji husema mbinu hii huzaa watoto watundu wanaofanya wapendavyo. Hawajaielewa. Montessori alisisitiza kuwa uhuru wa mtoto unakoma pale unapomdhuru mwenzake, kuharibu kitu au kumhatarisha yeye mwenyewe. Jiko la makaa lililo chini, sufuria ya maji moto, mafuta ya taa katika chupa ya soda, ndoo ya maji isiyofunikwa na barabara si mahali pa majaribio. Mtoto mdogo huweza kuzama katika maji ya kina kifupi sana. Mazingira huandaliwa kwanza kwa kuondoa hatari, ndipo mtoto anapoachiwa.

Aidha, machaguo huwa machache. Mtoto wa miaka miwili haulizwi anataka kuvaa nini. Huonyeshwa shati mbili achague moja. Haulizwi kama anataka kuoga. Huulizwa kama atajitia sabuni miguuni kwanza au mikononi. Hapo wosia wa wahenga kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye haupingani na daktari wa Roma. Akilia kwa sababu amekatazwa kugusa jiko, aachwe alie, lakini asiachwe peke yake.

Kuna pia mvutano ambao vitabu vya kigeni havitusaidii kuutatua. Katika jamii zetu nyingi mtoto wa miaka mitatu hutumwa: leta kigoda, mpelekee nyanya maji, mwangalie mdogo wako. Hujifunza kazi halisi mapema, pengine mapema kuliko mtoto wa Roma. Lakini hutumwa, hachagui, na akichelewa huharakishwa. Katika darasa la Montessori huchagua kazi na kuifanya kwa mwendo wake, ila si lazima kazi hiyo iwe na faida kwa mtu mwingine. Mtoto anayechambua mchicha pamoja na nyanya yake, bila kukimbizwa, anapata yote mawili. Inasikitisha kwamba familia zinazohamia katika nyumba za ghorofa huiacha desturi hii huko mashambani, kisha zinalipia karo ili mtoto afundishwe kuchambua na kumenya kwenye sinia.

USHAHIDI NA SHAKA

Mbinu hii imepingwa tangu mwanzo. Mwaka 1914 William Heard Kilpatrick, msomi wa elimu wa Marekani, alichapisha kitabu akidai kwamba vifaa vyake vinabana mawazo ya mtoto na kwamba haitoi nafasi ya kutosha kwa michezo ya kubuni na ushirikiano. Sehemu ya lawama hizo ina uzito hadi leo. Montessori hakupenda ngano za kufikirika kwa watoto wadogo, na mzazi wa Kiafrika aliyelelewa kwa hadithi za sungura na fisi ana haki ya kutomfuata hapo.

Ushahidi wa kitaalamu hata hivyo umezidi kuongezeka. Mwaka 2006 Angeline Lillard na Nicole Else-Quest walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi uliofanyiwa Milwaukee, Marekani, wakilinganisha watoto walioteuliwa kwa bahati nasibu kujiunga na shule ya umma ya Montessori na waliokosa nafasi hiyo. Watoto wa miaka mitano wa Montessori waliwashinda wenzao katika maandalizi ya kusoma na kuhesabu, na katika kutatua ugomvi kwa haki. Uchunguzi mkubwa zaidi uliotolewa mwaka 2025, uliohusu watoto 588 katika shule 24 za umma nchini humo, ulipata kwamba kufikia mwisho wa chekechea watoto wa Montessori walikuwa mbele katika kusoma, kumbukumbu na kujitawala.

Isisahaulike kwamba hao walikuwa watoto wa kuanzia miaka mitatu, na walikuwa Marekani. Muhimu zaidi kwetu ni uchunguzi wa Lillard wa mwaka 2012, uliobaini kwamba waliofaidika zaidi ni wale ambao shule zao ziliufuata utaratibu wa Montessori kikamilifu. Waliochanganyiwa na karatasi za mazoezi na vifaa vya kawaida hawakupiga hatua kama hizo.

Hili linatukumbusha ubao ule wa langoni. Jina Montessori halina mwenyewe. Nchini Marekani iliamuliwa mwaka 1967 kwamba ni neno la jumla lisiloweza kumilikiwa na chama kimoja, na kote ulimwenguni shule hulitumia zipendavyo.

AFRIKA MASHARIKI

Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kutunzia watoto. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, una madarasa mawili ya chekechea, PP1 na PP2, kwa watoto wa miaka minne na mitano. Kwa wa chini ya hapo, mzigo umebaki kwa wazazi, jamaa, yaya na vituo vya watu binafsi. Kaunti zimejenga madarasa mengi ya chekechea. Vituo vya watoto wa miaka miwili vimepewa uzito mdogo zaidi.

Wapo waliothibitisha kwamba mbinu hii haihitaji utajiri. Katika eneo la Nakuru, mradi wa Corner of Hope unaohusiana na AMI ulianzishwa miongoni mwa familia zilizofurushwa makwao katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Wakazi wenyewe wa kambi walifunzwa ualimu wa Montessori wakawafundisha watoto wao. Nchini Tanzania, watawa wa Kikatoliki wameendesha kwa miaka mingi vyuo vya walimu wa Montessori, kikiwemo cha Lushoto, na wahitimu wao hufundisha hata vijijini.

Mombasa nako kuna mfano wa karibu, ingawa si wa Montessori. Chekechea za madrasa zilizoanzishwa miaka ya 1980 kwa juhudi za mwalimu Swafiya Said na Wakfu wa Aga Khan ziliwafunza watoto kuchagua na kutenda wenyewe, kwa kutumia vifaa vya mazingira yao kama vifuu, makombe na mbegu. Mpango huo ulienea hadi Zanzibar na Uganda.

KABLA YA KULIPA KARO

Mzazi anayefikiria kumsajili mtoto asiridhike na maneno ya msimamizi. Aulize mwalimu alipata wapi mafunzo, na kwa umri gani. Diploma za AMI hutenganisha walimu wa watoto hadi miaka mitatu na wale wa miaka mitatu hadi sita, na ya pili haimwandai mtu kutunza wanaotambaa. Aulize kama watoto wa umri tofauti wamechanganywa. Aulize asubuhi imegawanywaje: katika darasa halisi la miaka mitatu hadi sita watoto hufanya kazi kwa takriban saa tatu bila kengele. Akiambiwa kwamba mtoto wa miaka miwili ataandika herufi zote kufikia Desemba, aage kwa heshima na kwenda zake.

Kisha aombe kuketi pembeni darasani kwa saa moja. Vifaa vilivyofungiwa kabatini au kupangwa juu ambapo mtoto hafiki ni vya kuonyesha wageni. Sauti ya mwalimu ikisikika kuliko za watoto, hilo ni darasa la kawaida lenye ubao wa kupendeza. Zaidi ya yote, angoje hadi mtoto mmoja amwage maji, maana hatakosekana, atazame nani anakwenda kuchukua kitambaa.